Mtoto si kiinua mgongo

Kuna ukatili tunaoufanya ndani ya nyumba zetu na kuuita upendo. Tunamchagua mtoto mmoja, mara nyingi kifungua mimba au yule aliyeonyesha akili darasani, tunauza ng'ombe au kiwanja ili asome, na tangu siku hiyo maisha yake yanakuwa mali ya ukoo. Hakuna anayekaa naye akamweleza anatakiwa kurudisha nini, kwa nani, mpaka lini. Anaambiwa tu, "Soma mwanangu, wewe ndiye tegemeo letu." Ana miaka kumi na moja. Angejibu nini?

Ninasema ni ukatili kwa sababu deni lisilotajwa halilipiki. Ukituma elfu hamsini ulitakiwa utume laki. Ukimaliza kumsomesha mdogo wako wa tatu, wa nne yuko tayari. Ukijenga nyumba ya bati, jirani amejenga ya vigae. Ukichoka, ukathubutu kusema huna, silaha kubwa kuliko zote inachomolewa: "Radhi zangu hupati." Mzazi anayetumia radhi kudai fedha amefanya jambo baya, na umri wake haulipunguzii jambo hilo ubaya.

Kwa miaka mingi tuliulea hadharani ugonjwa huu wa kumtukuza mtoto mmoja mwenye akili. Baraza la Mitihani lilitangaza kumi bora wa kitaifa, na "Tanzania One", yaani aliyeongoza wote, akapamba kurasa za mbele za magazeti. Januari 2023 Baraza likaacha kuwatangaza, nami nikashangilia, lakini majumbani orodha ile bado inasomwa. Kumbukeni matokeo ya kidato cha nne ya 2012: zaidi ya nusu ya watahiniwa waliambulia sifuri. Watoto wakatukanwa, wakafukuzwa, wakaitwa hasara. Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, kwa sababu utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Ni mzazi gani aliyemwita mwanawe siku ile akamwambia, "Mwanangu, nilikukosea"?

Aliyefaulu naye hakupona. Anavaa joho, ukoo unakodi Noah kwenda kwenye mahafali, picha zinapigwa, na wote wanarudi kijijini kusubiri neema. Hawaijui foleni ya ajira anayokwenda kuikuta. Juni 2014 zaidi ya vijana elfu kumi walijazana Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya watu 135,000. Weka mashangazi na wajomba nyuma ya kila mmoja wa waombaji hao, kila mmoja akipiga simu kuuliza, "Bado tu?" Kijana anaanza kuogopa simu ya mama yake. Sikukuu anadanganya kwamba amepata kibarua cha muda, hawezi kuja. Hapo ndipo familia inapompoteza, na mwenye kosa anaonekana ni yeye.

Tuseme amepata ajira. Chukua mtumishi mwenye shahada anayelipwa 750,000 kwa mwezi. Kama alisoma chuo kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara, yaani 112,500. Mfuko wa pensheni unachukua 5%, ambayo ni 37,500, na bima ya afya 3%, ambayo ni 22,500. Kodi ya mapato ikipita, anabakiwa na kama 520,000. Hapo hajalipa pango, hajapanda daladala, hajanunua unga. Kijijini wanajua jambo moja: mtoto wetu yuko serikalini. Basi zinaanza ada za wadogo, dawa za bibi, mbolea, michango ya harusi za binamu asiowafahamu, na kila msiba. Anakopa kikoba kimoja kulipa kikoba kingine. Mwishowe anaangukia mikopo ya kausha damu, na siku kadi yake ya benki inaposhikiliwa na mkopeshaji, ndugu wale wale wanauliza mshahara anaupeleka wapi.

Halafu anaoa, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana matarajio ya ukoo yanapata mtu mpya wa kumtafuna. Fedha zikipungua, hakuna anayejiuliza kama pango limepanda au mtoto mchanga amelazwa. Jibu liko tayari: mke. Amemteka. Amempa limbwata. Mama mkwe aliyekuwa akimwita "mkwe wangu mzuri" anaacha kupokea simu zake, na mawifi wanakuja mjini kukagua sebule, wakihesabu makochi kana kwamba kila kochi limeibwa kwao. Mwanamke huyu hakuhudhuria kikao chochote cha kuuza ng'ombe. Hakuahidi kitu. Bado anahukumiwa kwa ahadi ambayo hata mumewe hakuwahi kuitoa. Nimeziona ndoa za watu wema zikivunjika hivi, wawili wanaopendana wakigombana usiku kwa sababu ya muamala wa elfu thelathini uliotumwa kwa siri. Mume anaficha risiti za fedha alizompelekea mama yake mzazi! Tumefika mahali ambapo kumhudumia mama kunafanywa kwa kujificha kama uzinzi, na bado tunauita utaratibu huu maadili.

Kwa mabinti waliokwenda Oman na Saudia kufanya kazi za ndani, hali ni hiyo hiyo na hatari imeongezeka. Wako walionyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara, na mmoja wao anapopiga simu nyumbani kulia, kuna anayemjibu avumilie, nyumba haijafika kwenye linta.

Najua nitakayojibiwa: haya ni mawazo ya kizungu, Mwafrika hamtupi mzazi wake. Mimi sijasema mzazi atupwe. Mzazi aliyezeeka bila akiba ana haki ya kula, kutibiwa na kuheshimiwa, na mtoto mwenye uwezo amtunze kwa moyo wote. Ninachouliza ni kwa nini mkulima aliyelima pamba au korosho miaka arobaini anafika uzeeni hana kitu isipokuwa watoto. Alilipa ushuru wa mazao. Alilisha miji. Kiinua mgongo na pensheni ya mwezi wanapewa walioajiriwa rasmi, wachache, naye aliyeishika jembe anaambiwa pensheni yake ni mwanawe. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Zilikuwa fedha ndogo, lakini mzee aliinunua chumvi yake bila kumpigia mtu simu. Bara tunasubiri nini? Wabunge wanaoimba kila msimu wa kampeni kwamba wazee ni hazina wameliacha jukumu lao mgongoni mwa kijana wa miaka 25 mwenye mshahara uliokwisha kukatwa, kisha wanampongeza kwa kuwa na utamaduni.

Serikali ibanwe, na nyumbani pia tubanane. Wazazi, kabla ya kuuza hicho kiwanja, mwambieni mtoto ukweli: hii ni zawadi, au huu ni mkopo. Kama ni mkopo, tajeni kiasi na tajeni mwisho wake. Nanyi mlioajiriwa, acheni kuigiza utajiri mnaporudi Desemba na gari la kuazima. Pelekeni hati ya mshahara kwenye kikao cha ukoo, muisome mstari kwa mstari mbele ya wajomba, makato ya Bodi ya Mikopo na ya kodi, mtaje na pango, kisha mseme mbele ya wake na waume zenu kiasi mtakachotuma kila mwezi. Mdogo wenu aliyekaa miaka miwili akisubiri kaka atume mtaji naye aambiwe pale pale kwamba mtaji huo hauji, ili kesho yake aamke akatafute kazi. Watakaonuna wanune. Mjomba akitishia laana, muulizeni yeye alituma kiasi gani.