Ardhi Iliyoganda Haina Mwenyewe

Siku nilipowasilisha pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili, mmoja wa wazee waliokaa mbele yangu alivua miwani, akaniuliza kwa upole: "Binti, wewe si wa Kigonsera? Barafu ya ardhini umeijulia wapi?" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, maana mwanafunzi hucheka mwalimu anapotania. Kisha nikaambiwa nitafute mada "yenye manufaa kwa nchi", na nimepewa hadi mwisho wa muhula. Swali lile limenikaa kooni. Leo nalijibu.

Kweli, Kigonsera hatuna barafu. Tuko kando ya barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, tuna kahawa, mahindi na maharage. Ukipanda kwenye miinuko ya Umatengo utakuta ngoro: mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko mikali kama masega ya nyuki. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufukiwa juu yake, mbegu hupandwa kwenye kingo, na maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kubeba shamba kwenda bondeni. Babu yangu, kabla ya kupanda, alizamisha mkono kwenye kingo ya ngoro hadi karibu na kiwiko, akatoa udongo wa chini na kuufinya. "Wa juu ni mwongo," aliniambia. "Jua likiwaka saa moja tu, umegeuka. Wa chini ndio unaokumbuka."

Miaka mingi baadaye nilikuta kitabuni kwamba babu alikuwa sahihi. Joto la mchana huingia ardhini makumi machache tu ya sentimita, na usiku hutoka. Joto la msimu huzama mita kadhaa. Ukishuka zaidi, mabadiliko ya mwaka mmoja hayasikiki tena. Kinachobaki pale ni kumbukumbu ya miaka mingi. Kwa hiyo wanaotaka kujua kama mlima unapata joto hawatazami theluji peke yake. Huchimba shimo jembamba kwenye mwamba, hushusha vipimajoto katika vina mbalimbali, na kuviacha vijiandikie saa baada ya saa, mwaka baada ya mwaka. Ardhi ambayo joto lake halijavuka nyuzi sifuri kwa miaka miwili mfululizo au zaidi huitwa pamafrosti. Si lazima iwe na barafu ndani. Inaweza kuwa jiwe kavu, ilimradi ni baridi.

Waswisi wana shimo la namna hiyo kwenye mlima Corvatsch tangu mwaka 1987, lenye kina cha mita 58. Hawakulichimba kwa anasa. Barafu iliyo ndani ya nyufa za mwamba ndiyo gundi ya mlima, na gundi ikilainika mlima huachia. Katika joto kali la kiangazi cha 2003 mawe yaliporomoka kwenye Matterhorn. Agosti 2017 upande wa mlima Piz Cengalo ulianguka, wakafa wapanda milima 8, na matope yakafika kijiji cha Bondo.

"Hayo ya Ulaya," utaniambia. Basi turudi nyumbani. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, Kilimanjaro, yakaua wapanda mlima 3. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Na katika njia zote za mlima ule, anayetangulia kila siku si mgeni mwenye kamera. Ni mpagazi, mgumu kama wanavyojiita wenyewe, mwenye hema na mtungi wa gesi kichwani, anayewahi kambini ili mgeni akute chai imechemka. Kama kuna mtu mwenye haki ya kujua mwamba uliopo juu yake una joto gani, ni yeye.

Sasa, je, Kilimanjaro ina pamafrosti? Ndiyo, kwa uchache, kileleni. Kenji Yoshikawa wa Alaska, Douglas Hardy wa Massachusetts na wenzao walifukia vipimajoto kwenye mlima huo, na mwaka 2021 wakachapisha walichokipata kuhusu sehemu ambazo ardhi inaweza kubaki imeganda. Hardy ndiye pia aliyesimamisha kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000. Sina ugomvi na watu hawa. Wamepanda, wamepima, wameandika. Ugomvi wangu ni na sisi, ambao mlima huo tumeuweka kwenye nembo, kwenye chupa na kwenye kila tangazo la utalii, halafu tukaacha kumbukumbu yake itunzwe ng'ambo.

Sisi tuna kazi moja tu kuhusu Kilimanjaro: kuulilia. Tunajua namba za kilio. Mwaka 1912 barafu ilikuwa takriban kilomita za mraba 12, na mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walitabiri kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Ilipofika 2020 bado ipo, walioona mabadiliko ya tabianchi ni hadithi wakashangilia. Hawakupaswa kushangilia, kwa sababu barafu haijaacha kupungua, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba inaweza kutoweka ifikapo miaka ya 2040. Lakini ndivyo inavyokuwa kwa taifa linaloishi kwa utabiri wa wengine: utabiri ukikosea mwaka, tunadhani umekosea jambo zima. Anayepima mwenyewe hadanganyiki kirahisi hivyo.

Tena kilio chenyewe tunakikosea. Tunasema barafu ikiisha, Wachaga watakosa maji. Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima ule kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba maji hutoka hasa kwenye msitu, unaokamata mvua na ukungu, na kwamba moto unaochoma msitu wa juu ni hasara kubwa kwa maji kuliko kuyeyuka kwa barafu. Georg Kaser na wenzake wameonyesha kwamba hewa kavu na upungufu wa theluji vimekula barafu ile kwa kiasi kikubwa, si joto la hewa pekee. Haya yote yanabadili la kufanya. Mtu anayelia bila kupima atapeleka pesa pasipohusika.

Nakubali, kuna hoja ya kweli dhidi yangu. Mwalimu mmoja aliniambia faraghani: "Nchi ina shule zisizo na madawati." Najua, nimekaa sakafuni. Lakini kipimajoto cha kufukia ni kidogo kama kisanduku cha kiberiti, na bei yake haifiki ada anayolipa mgeni mmoja kuupanda mlima huo. Anayesema hatuwezi hajaulizia bei.

Hoja nyingine ni kwamba Kilimanjaro ni volkano, na katika kreta ya Reusch bado kuna matundu yanayotoa mvuke, kwa hiyo vipimo vitachanganya joto la chini na la juu. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuweka vipimajoto vingi, karibu na matundu na mbali nayo, katika vina tofauti. Joto linalopanda kutoka chini huongezeka kadiri unavyoshuka. Joto linaloingia kutoka juu huanza kuonekana kwenye tabaka za juu, kisha hushuka polepole. Ukiwa na miaka ya kutosha ya namba, unayatenganisha. Ukiwa na safari moja ya utafiti kila baada ya miaka kadhaa, utabaki kubishana.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Vipimajoto vya ardhini kileleni viwe na msimamizi Mtanzania mwenye cheo, bajeti na ufunguo. Namba zake ziwekwe wazi, kwa Kiswahili, ili mwanafunzi wa Mbinga na mgumu wa Marangu wazisome bila kuomba ruhusa kwa mtu. Na wagumu wafundishwe kuvisoma na walipwe kwa kazi hiyo, kwa sababu wao hupanda kila wiki na profesa hupanda mara moja kwa miaka.

Mzee wangu wa miwani, nimerudisha pendekezo. Mada ni ileile. Nimeongeza sura moja tu, kuhusu udongo wa ngoro: likizo iliyopita nilifukia vipimajoto vinne kwenye shamba la babu, katika vina vinne, na mdogo wangu anavisoma kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari la shule. Barafu ya ardhini umeniuliza nimeijulia wapi. Nimeijulia pale.