MGENI WA CHUO APOKEWE KWA MKONO

KILA mwaka ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, bandari ya Malindi hupokea vijana wanaoteremka kutoka Pemba na masanduku yao, na husafirisha wengine wanaovuka kwenda Dar es Salaam. Hao ni wanafunzi wapya wa vyuo vikuu. Wazazi wamewaombea dua, majirani wamewachangia nauli, na Taifa linawatazamia. Swali tunalopenda kuliuliza leo ni hili: wakishafika kwenye lango la chuo, nani anawapokea?

Hapa kwetu Visiwani neno chuo ni kongwe kuliko vyuo vikuu vyote tulivyo navyo. Sisi tuliokalishwa mkekani tukiwa wadogo tunakumbuka kwamba mtoto hakusukumwa tu chuoni akaambiwa ajitafutie pa kukaa. Mzazi alimshika mkono mpaka kwa mwalimu, akamkabidhi. Mwalimu mwenyewe, wala si mtu mwengine, ndiye aliyemwonyesha alifu kwa kidole chake. Siku ile ya kwanza mtoto hakusoma mengi, lakini alirudi nyumbani akijua jambo moja kubwa, nalo ni kwamba pale chuoni ana mtu wake. Bakora zilikuja baadaye, na alizivumilia kwa sababu hiyo.

Inasikitisha kuona kwamba chuo kikubwa kimesahau adabu ya chuo kidogo. Katika vyuo vyetu vingi, mapokezi ya wanafunzi wapya ni wiki moja ya hotuba ndani ya ukumbi. Wakubwa huzungumza kwa zamu kufuatana na vyeo vyao, vijana hupiga makofi, kisha hutawanywa kwenda kusoma matangazo ukutani. Mengine yote, tangu kupata nafasi ya dakhalia hadi kujua mkopo umekwama wapi, mgeni huachiwa ayapapase mwenyewe gizani.

Miaka michache iliyopita tulikutana ndani ya boti na kijana wa Wilaya ya Micheweni aliyekuwa akirejea Pemba na sanduku lake. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuchaguliwa kuingia chuo kikuu. Kwa siku nne alikwenda dirisha hadi dirisha, na kila dirisha lilimpeleka kwa jengine. Karatasi yake moja ilikosa muhuri, na hakuna aliyemwambia muhuri huo unapatikana wapi. Siku ya tano fedha zilimwishia. Chuo chenyewe hatutakitaja, maana hayo yangeweza kutokea katika chuo chochote. Tulimsihi arejee, akaitikia kwa heshima, lakini hakurudi tena masomoni. Kijana huyo hakushindwa mtihani. Alikosa mtu mmoja wa kumwambia, "Karibu mwanangu, nifuate."

Tunajua kwamba mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, ndani ya jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake hawakufika hata 20. Mwalimu na mwanafunzi walijuana kwa majina bila ya kuhitaji utaratibu wowote. Leo Visiwani peke yake tuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, tuna Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na tuna kile cha Chukwani. Wanafunzi wanahesabiwa kwa maelfu. Hayo ni maendeleo ambayo kila mpenda nchi anayafurahia. Lakini idadi inapokua, kujuana hakuji kwenyewe tena. Hapana budi kutengenezwe.

Kwa hiyo tunashauri kwamba vyuo vyetu vianzishe kambi za mapokezi kabla ya masomo kuanza, na kwamba kambi hizo ziongozwe na wafanyakazi wa vyuo wenyewe kwa kujitolea. Tunaposema wafanyakazi hatukusudii wahadhiri tu. Tunamkusudia pia mhasibu anayejua njia ya mkopo, mkutubi anayejua kitabu kilipo, muuguzi, mpishi, dereva na bawabu. Mara nyingi bawabu ndiye mtu wa chuo wa mwanzo anayeonwa na mgeni, na hakuna anayemshauri lolote kuhusu mapokezi.

Wahenga walituachia mpango wa kambi hiyo pale waliposema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza iwe ya kumaliza mihuri, fomu na vitanda, mhasibu akiwa amekaa na vijana chini ya mwembe badala ya kuwa nyuma ya kioo. Siku ya pili vijana wagawanywe makundi madogo, na kila kundi likae na mhadhiri wake awaeleze namna ya kusoma kitabu kigumu, namna ya kuuliza swali bila ya woga, na kwa nini kunakili kazi ya mtu ni wizi kama wizi mwengine. Akiweza, awasimulie pia siku aliyoshindwa yeye. Siku ya tatu wote washike jembe. Wako watakaopanda mikoko katika ghuba ya Chwaka, na wako watakaofyeka na kusafisha mazingira ya dakhalia. Mwanafunzi aliyemwona profesa wake ana tope mpaka magotini hatoogopa kugonga mlango wa ofisi yake.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Texas A&M kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wapya kambini tangu mwaka 1954. Huko wanafunzi wakubwa ndio wanaojitolea kuongoza, na makambi hupewa majina ya watu walioutumikia umma wa chuo hicho, wakiwemo walimu na wafanyakazi wake. Hatusemi tuige kila kitu cha wenzetu. Tunasema tu kwamba chuo kinachompa mfanyakazi wake heshima ya namna hiyo kinajua mgeni anahitaji nini.

Najua wako watakaouliza: na posho je? Swali hili tulijibu bila ya kuzunguka. Zikitolewa posho, orodha ya watakaotaka kwenda kambini itajaa siku moja, na tutapata watu wanaotazama saa. Wasipolipwa watajitokeza wachache, na wachache hao ndio tunaowataka. Hata hivyo kujitolea si kujifilisi. Nauli yao, chakula chao na pa kulala ni wajibu wa chuo. Na chuo kikishapima kazi ya mtumishi kwa ajili ya kumpandisha daraja, siku zake tatu za kambini nazo zitajwe.

Wengine watasema, basi waamrishwe wote. Hapo tunapinga. Mwezi wa Oktoba, 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Tunaamini kwamba utumishi kwa Taifa ulikuwa wa haki wakati ule, na ni wa haki leo. Lakini somo moja la mwaka ule ni kwamba amri huleta miili kambini, nyoyo zikabakia nje. Hata hapa kwetu, wazee waliobeba mawe katika kazi za kujenga Taifa baada ya Mapinduzi ya 1964 wanajua vyema tofauti ya mkono uliokuja kwa hiari na mkono ulioletwa na orodha ya majina. Jengo hupanda kwa mikono yote miwili, lakini mgeni hapokewi kwa mkono wa pili.

Lipo pia jambo ambalo hatuna budi kulisema wazi, ingawa lina aibu. Si kila anayejitolea hujitolea kwa nia njema. Rushwa ya ngono imetajwa katika vyuo vikuu vya nchi yetu, na mbwa mwitu hupenda kwenda pale penye wanakondoo wageni. Kambi ziwe na masharti. Vijana wa kike waongozwe na wanawake, asiwepo mfanyakazi wa kukaa faragha na mwanafunzi, na tangu siku ya kwanza kila msichana aonyeshwe kwa sura na kwa jina mtu wa kumpelekea malalamiko yake. Ulinzi huo peke yake ungetosha kuwa sababu ya kuweka kambi.

Kwa viongozi wa Serikali ombi letu ni dogo. Wizara inayohusika iweke fungu la mahema, maji na usafiri. Jeshi la Kujenga Uchumi lina makambi na uzoefu wa kukaa na vijana, na linaweza kuombwa msaada wa mahali. Bodi za mikopo zipeleke maofisa wao kambini badala ya kungoja foleni Mjini. Na wanafunzi wa Pemba wawekewe kambi yao Pemba, ili wavuke bahari wakiwa wamekwisha kujua wanakwenda kwa nani. Kisha tunawaomba viongozi hao jambo moja jengine: wasiigeuze kambi kuwa mkutano wa hotuba. Atakayefika na aje na jembe lake.

Kwa wahadhiri na wafanyakazi wote wa vyuo tunasema hivi. Elimu mliyo nayo ililipiwa na mkulima wa karafuu, mvuvi na mwanamke wa mwani. Sasa wamewaleteeni watoto wao kama wazazi wenu walivyokupelekeni nyinyi mkekani kwa mwalimu. Siku tatu katika mwaka si nyingi. Tokeni maofisini mkasimame langoni, mumshike mgeni mkono na mumpokee sanduku lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na chuo kisichojua kupokea wageni wake ndicho chenye maradhi.