Neno la Mwezi: Kukitoa Kilichokwama



Katika ukurasa wetu wa mwezi huu twalitazama neno moja la Kiingereza ambalo vijana hulikuta vitabuni, kisha wakalipita bila ya kulijua sawasawa. Neno lenyewe ni kitenzi “dislodge”. Maana yake ni kukiondoa kitu pahali kilipokwama. Asije mtu akasema kuwa lugha za watu hazina nafasi katika gazeti la Waislamu. Bwana Mtume s.a.w. alimwamrisha Sahaba wake, Zayd bin Thabit, ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aweze kumsomea barua zao na kuwajibu, na Zayd akayajua kwa muda usiofika mwezi. Basi kujua lugha ya wengine kwa ajili ya manufaa ni jambo lenye asili kwetu.

Tuanze na mzizi. “Lodge” ni makao, pahali pa kufikia. Kitu kikiingia pahali kikajikita kisitoke, Waingereza husema kimekuwa “lodged”. Ikitangulia “dis”, maana hupinduka. Nasi tunayo njia yetu ya kupindua, nayo ni nzuri mno: ziba huwa zibua, nasa huwa nasua, kunja huwa kunjua, kwama huwa kwamua. Kijana anayeijua vizuri lugha ya mama yake hatapata taabu kufahamu jambo hili, kwani limo kinywani mwake tangu utoto.

Katika neno hili mna mambo matatu, wala lisikosekane hata moja. La kwanza, kitu kiwe kimejikita. La pili, pawe na pahali kilipojikita. La tatu, iwepo nguvu au juhudi ya kukitoa. Kikombe kilichowekwa juu ya meza hakiwi “dislodged” ukikichukua, kwa sababu hakikukwama. Hapo sema tu umekiondoa, yaani “remove”.

Sasa tutazame sentensi za kila siku. Mpira umenasa juu ya mwembe, na watoto wametupa mawe mpaka ukaanguka: “The boys threw stones to dislodge the ball from the tree.” Kijiwe kimeingia ndani ya kiatu: “She shook her shoe to dislodge the stone.” Upepo nao waweza kuwa mtendaji, kama ulipong'oa bati la paa: “The wind dislodged a sheet of iron from the roof.” Angalieni kwamba pahali kilipotoka kitu hutanguliwa na “from”. Angalieni pia kwamba kwa kawaida kitenzi hiki hutaka kitajwe kile kilichotolewa. Wakati uliopita huongezwa herufi “d” mwishoni, na katika kuandika isisahauliwe ile “d” iliyo kabla ya “g”, ijapokuwa sikio haliisikii.

Vijana wengi wakisha kulipata neno jipya hulitia kila pahali, kama mpishi aliyepata bizari mpya akaitia hata katika uji. Fundo la kamba hulifungui kwa “dislodge”, bali kwa “untie”. Nabii Musa a.s. alipomwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi ili watu wapate kufahamu maneno yake, kama tusomavyo katika Sura Taha, lile ni la kufunguliwa, wala si la kung'olewa. Mfereji ulioziba hutumiwa “unblock”, na mlango uliofungwa kwa ufunguo hutumiwa “unlock”. Kinachotolewa mferejini, kama vile tambara lililokwama, hicho ndicho kiwacho “dislodged”.

Neno hili hutumiwa kwa watu pia, hasa vitani, pale jeshi linapowatoa adui katika ngome au kilima walichokishika. Hapa twapata mfano katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume s.a.w. aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, mkubwa wao Abdullah bin Jubayr, akawaamuru wasiondoke. Walipoona ushindi umekaribia, wengi wao waliteremka kwa tamaa ya ngawira. Je, twaweza kusema kuwa adui aliwatoa kilimani? Hasha! “The enemy did not dislodge them, they came down by themselves.” Walioteremka hawakusukumwa na mtu. Tofauti ya kitenzi kimoja yaonyesha dhambi ilikuwa wapi.

Mfano wa pili ni wa wale watu watatu wa pangoni, ambao habari yao imo katika Bukhari na Muslim. Walijikinga ndani ya pango, likaporomoka jabali likaziba mlango. “They could not dislodge the rock.” Hawakuwa na nguvu ya kuliondoa, basi kila mmoja akamwomba Mwenyezi Mungu kwa amali yake aliyoitenda kwa ikhlasi: mmoja kwa kuwatendea wema wazazi wake, wa pili kwa kujizuia na zinaa, wa tatu kwa kuutunza ujira wa kibarua wake. Jabali likasogea kidogo kidogo mpaka wakatoka. Hapa twatumia namna ya kutendwa: “The rock was dislodged little by little.”

Na wanafunzi wa chuoni wanalo neno la Kiarabu lililo jirani ya hili. Katika Sura Aali Imran, aya ya 185, mna kitenzi “zuhziha”, ambacho ni kuondoshwa na kusogezwa mbali na pahali. Maana ya aya ni kwamba atakayeepushwa na Moto akatiwa Peponi, huyo ndiye aliyefuzu.

Sasa tuje kwenye jambo la nyumbani ambalo ndilo lililotufanya tulichague neno hili. Maelezo mengi ya huduma ya kwanza yameandikwa kwa Kiingereza, na neno hili limo humo. Mara husema mtu afanye hivi ili “to dislodge” kilichomkaba mwenziwe. Mara husema “do not try to dislodge”, yaani msijaribu kukitoa, kama vile kijiti kilichomchoma mtu jichoni au kisu kilichozama mwilini, kwani kukitoa huzidisha madhara, na kazi hiyo ni ya daktari. Kijana asiyelijua neno aweza kutenda kinyume cha alichoamrishwa, na mgonjwa akaangamia.

Basi kumbukeni, enyi wazazi na vijana. Mtu aliyepaliwa akiwa bado akohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akiwa hawezi kukohoa, wala kusema, wala kuvuta pumzi, mwinamisheni mbele, mpigeni kwa kitako cha kiganja mara 5 baina ya mabega. Kisipotoka, simameni nyuma yake, wekeni ngumi juu ya kitovu, vuteni kwa ndani na juu mara 5, kisha rudieni, na mwingine akimbilie msaada. Njia hii ya kubana tumbo aliieleza daktari wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974. Mtoto asiyetimiza mwaka habanwi tumbo, wala mama mjamzito. Hao hubanwa kifua, na mtoto hupigwa mgongoni akiwa amelazwa kifudifudi, kichwa chini. Msitie kidole kooni bila ya kukiona kitu, maana huenda mkakisukuma ndani. Na mwiba wa samaki usishindiliwe kwa tonge la ugali, kama ilivyo desturi ya wengi: “The ugali may not dislodge the bone, it may push it deeper.” Aliyekwamwa na mwiba apelekwe hospitali.

Jioni, baada ya sala ya Magharibi, baba au mama awape watoto sentensi tatu hizi wazigeuze kwa Kiingereza: Tulitumia fimbo kuutoa mpira juu ya paa. Mvua iliyang'oa mawe mlimani. Usijaribu kukitoa kilichomchoma jichoni. Kisha awaulize: ni ipi kati ya hizo yaweza kuokoa jicho la mtu?

Mwenyezi Mungu atukwamue katika ujinga, atufungulie ndimi zetu, na atuepushe na Moto. Amin.