Mtoto Hakamuliwi Kilio Mbele ya Kamera
Na Zuhura Mbarak

Jumatano nilimfuata mtoto wa dada yangu shuleni, siku chache baada ya bweni lao kuungua. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Nilimkuta ukumbini na wenzake, wameketishwa duara, na washauri nasaha wenye fulana mpya za njano wakizungusha kipaza sauti: kila mtoto asimulie alichokiona usiku ule. Binti mmoja sauti haikutoka. Akawa anasokota kifungo cha sweta yake mpaka kikang'oka. "Toa yote, mwanangu, utapona," mshauri akamhimiza, na kijana wa kamera akasogea.

Nilimshika mtoto wetu mkono tukatoka. Mwalimu wa zamu alinifokea.

Ile si tiba. Ni kufumua kidonda na kuondoka na bandeji. Shirika la Afya Duniani lilishakataza kikao kimoja cha kuwasimulisha watu mkasa uliotoka kuwapata, kwa kuwa hakizuii kiwewe. Siku za mwanzo linataka yale ambayo bibi zetu walifanya msibani bila semina: mpe mtu maji, mfunike, mkutanishe na wake, kaa naye. Akisema, msikilize. Akinyamaza, usimchokonoe.

Kusimulia kunaponya, tena sana, ila kuna utaratibu wake. Kambini Nakivale, Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa kwa masimulizi na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Katika tiba hiyo kamba hulazwa sakafuni, ndiyo maisha ya mtu tangu azaliwe; kila jema linawekewa ua, kila baya jiwe. Kisha anasimulia, kikao baada ya kikao, kwa msikilizaji yule yule, hadi siku ile mbaya ikae mahali pake kati ya siku nyingine.

Na hapa kwetu Moshi, na Bungoma nchini Kenya, ulifanyika utafiti wa tiba nyingine ya kiwewe kwa watoto yatima 640, ukachapishwa 2020. Waliopewa tiba walikutana katika vikundi kwa wiki 12, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa. Lile jambo zito lenyewe mtoto alilisema faraghani na mshauri wake, si mbele ya darasa. Bungoma hata walimu wamefundishwa kazi hii. Basi asiniambie mtu kwamba wataalamu hawatoshi.

Mkuu wa shule, hela ya fulana na ya mpiga picha ilipatikana. Nilikupigia simu nikakuuliza nani atarudi Jumatano ijayo kukaa na yule binti, na Jumatano itakayofuata. Ukanijibu kwamba ripoti imeshafika wilayani.