Mgonjwa Asiyeweza Kungoja



Tarehe 27 Machi 2020 ilianza kutumika nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Watumishi wa afya waliruhusiwa kupita, na hospitali hazikufungwa. Kwa mujibu wa tangazo, basi, huduma ya uzazi iliendelea kama kawaida. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu saa 5 usiku, mtaani Mathare au kijijini Kwale, angefikaje hospitalini? Matatu zilikuwa zimelala, mwenye bodaboda aliogopa rungu la askari, na jirani mwenye gari hakuthubutu kufungua lango.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika siku hizo za mwanzo mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi huko Kiamaiko, Nairobi, akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao. Ikiwa roshani haikuwa mahali pa salama, nani angeona barabara kuwa salama?

Daktari Jemimah Kariuki, ambaye wakati huo alikuwa akisomea ubingwa wa uzazi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, aligundua kwamba usiku kinamama walikuwa wakipungua wodini, na baadhi ya waliofika walikuwa wamechelewa mno. Akajitolea kuwasafirisha. Maombi yakamzidi mtu mmoja, na hatimaye ukaanzishwa utaratibu wa teksi na magari ya wagonjwa, ambao mama aliweza kuuomba kwa simu isiyolipiwa. Tunamshukuru. Lakini tujiulize: kwa nini jambo hilo lilingoja moyo wa mtu mmoja? Waliotunga amri ile hawakujua kwamba watoto huzaliwa usiku?

Hapo ndipo penye hoja yetu. Tunapouliza ni huduma zipi za matibabu ziendelee na zipi zisimamishwe wakati wa janga, hatuulizi tu ni mlango upi uachwe wazi. Tunauliza pia ni nani atakayeweza kuufikia mlango huo, na ni nani anayeambiwa angoje.

Kusimamisha si dhambi

Mgala muue na haki yake mpe. Wakuu wa afya walikuwa na sababu za kusimamisha baadhi ya huduma. Ugonjwa ulikuwa mgeni, vifaa vya kujikinga vilikuwa haba, na chumba cha kungojea kilichojaa watu kingeweza kumwambukiza aliyekuja kwa ajili ya jino tu. Wauguzi na madaktari nao ni watoto wa watu. Desemba 2020 daktari mmoja wa Kenya, mwenye umri wa miaka 28, alifariki kwa korona huku, kwa maelezo ya chama cha madaktari, akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Mwezi huo huo wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma. Asiyemlinda mtumishi wa afya hawezi kudai kwamba analinda huduma.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwezi Machi 2020. Lilishauri kwamba yasisimame haya: chanjo za kawaida za watoto, huduma za wajawazito na uzazi, matibabu ya dharura, dawa za magonjwa ya kudumu, huduma za afya ya akili, pamoja na maabara na benki za damu. Kampeni kubwa za chanjo zinazokusanya umati ziliahirishwa kwa muda. Upasuaji usio wa haraka na ukaguzi wa kawaida wa afya viliweza kusogezwa mbele. Mpango huo ulikuwa wa busara. Basi kosa halikuwa katika kusimamisha, bali katika namna ya kusimamisha.

Ngoja ngoja huumiza matumbo

Katika jumuiya yetu ndogo kuna mzee mwenye kisukari na shinikizo la damu. Katikati ya mwaka 2020 alifika kwenye kliniki yake ya kila mwezi akakuta karatasi imebandikwa mlangoni: kliniki imesimamishwa hadi itakapotangazwa tena. Haikuandikwa tarehe, wala mahali pengine pa kuchukulia dawa, wala jina la mtu wa kuulizwa. Mzee akarudi nyumbani, akaanza kuvigawa vidonge vyake nusu nusu ili vimfikishe mbali. Miezi minne baadaye kidonda cha mguuni kiliposhindikana, mguu ulikatwa. Hakuna aliyemfukuza. Aliambiwa angoje tu, naye, akiwa mtu mtiifu, akangoja.

Wahenga walituambia kwamba subira yavuta heri, lakini wao hao walituambia pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ya hekima ni kujua wakati wa kila neno. Ziko huduma zisizoweza kungoja hata saa moja: uzazi, ajali, malaria kali ya mtoto, damu kwa anayetokwa na damu. Ziko zisizoweza kuruka mwezi: insulini, dawa za kifua kikuu, dawa za VVU, chanjo ya mtoto mchanga, kusafishwa damu kwa mwenye figo zilizoshindwa. Na ziko zinazoweza kungoja, lakini si milele. Ngiri ya mchukuzi wa mizigo inaweza kuahirishwa, ila siku itakapojinyonga itakuwa dharura ya kufa na kupona. Mtoto wa jicho wa bibi anayelea wajukuu yatima anaweza kungoja miezi michache. Mwaka mzima ukipita, nyumba nzima imepoteza macho. Uvimbe katika ziwa la mama hauumi, hivyo huonekana kuwa mvumilivu, kumbe unakua.

Vifo visivyotangazwa

Siku zile kila alasiri tulikaa karibu na redio kusikiliza hesabu ya waliopimwa, walioambukizwa na waliofariki kwa korona. Ilikuwa haki yetu kuijua. Lakini hakuna aliyetusomea hesabu ya waliofariki kwa kungoja, na jambo lisilohesabiwa ni rahisi kusahauliwa.

Hilo halikuwa jipya. Ebola ilipozikumba Gine, Liberia na Sierra Leone kati ya 2014 na 2016, iliua watu zaidi ya 11,300. Watafiti walikadiria kwamba watu wengine wapatao 10,600 walikufa kwa malaria, kifua kikuu na UKIMWI kwa kuwa matibabu yalivurugika. Jirani zetu wa Kongo nao wanatufundisha. Ebola iliyoanza Kivu Kaskazini mwaka 2018 ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Katika nchi hiyo hiyo, kufikia Januari 2020, surua ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 6,000. Surua hiyo ilikuwa na sababu nyingi, zikiwemo vita, njia mbovu na chanjo kutofika. Lakini macho na fedha za dunia vilielekezwa zaidi kwenye ugonjwa wa kutisha kuliko ule uliozoeleka.

Korona ikarudia somo lile lile. Duniani kote wagonjwa wapya wa kifua kikuu walioandikishwa walipungua kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Hawakuwa wamepona. Walikuwa nyumbani wakikohoa, na vifo vya kifua kikuu vikaongezeka kwa mara ya kwanza katika muda wa zaidi ya miaka kumi. Mwaka huo huo watoto milioni 23 walikosa chanjo za msingi.

Na ni nani hasa aliyengoja? Mwenye gari, mwenye bima na mwenye namba ya simu ya daktari aliweza kungoja kwa raha, na hali ilipobadilika akaenda. Maskini hakungoja kwa hiari yake, alingojeshwa. Amri moja iliwafikia wote, lakini mzigo wake haukugawanywa sawa. Hilo ndilo linaloifanya habari hii kuwa ya haki, wala si ya tiba peke yake.

Yatupasa kufanya nini?

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Wengi wetu tumeshusha pumzi. Lakini janga jingine litakuja, nasi hatujui siku wala saa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Basi tunajua pa kubisha hodi, na tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, pasiwe na tangazo la kusimamisha huduma lisilo na mambo matatu: sababu, tarehe ya kuliangalia upya, na mahali pengine pa kwenda wakati huo. Tangazo la namna ile aliyoikuta mzee wetu lisikubaliwe mahali popote, hata katika zahanati zetu wenyewe za Kanisa. Tuanze kwetu.

Pili, barabara ihesabiwe kuwa sehemu ya hospitali. Nchini Uganda, magari yalipozuiwa Machi 2020, mama mjamzito alitakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya. Baada ya malalamiko na habari za vifo, Aprili rais akatangaza kwamba wajawazito hawahitaji kibali. Ruhusa haiombwi wakati damu inatoka. Kila parokia ikubaliane mapema na chifu na mkuu wa kituo cha polisi, na kila jumuiya ijue ni gari lipi na dereva yupi ataamshwa usiku.

Tatu, dawa zimfuate mgonjwa pale mgonjwa asipoweza kuzifuata. Mwenye hali tulivu apewe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na wahudumu wa afya wa jamii wapelekewe orodha ya wasioweza kutembea. Hayo yatafaa tu ikiwa dawa zipo. Tunakumbuka jinsi mapema mwaka 2021 shehena ya dawa za VVU ilivyokwama katika bandari ya Mombasa kwa mvutano wa serikali na mfadhili, wakati wanaozitegemea wakihesabu vidonge. Wakubwa wanapovutana, mgonjwa naye awe na mtu wa kumsemea.

Nne, tuwahesabu waliongojeshwa. Viongozi wa jumuiya huzijua nyumba zao. Waandike mtoto aliyekosa chanjo, mama aliyejifungulia njiani, mzee aliyekatishiwa dawa, na orodha hiyo, kwa idhini ya wenyewe na bila kutangaza siri zao, ipelekwe kwenye kamati ya zahanati na kwa mwakilishi wa wadi. Hesabu iliyoandikwa ni vigumu kuikana.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Ni kweli kwamba mtaalamu ndiye ajuaye ni upasuaji upi unaoweza kuahirishwa. Lakini ni nani abebe maumivu ya kuahirishwa, na kwa muda gani, si swali la mtaalamu peke yake. Hilo ni swali letu sote, na mzee wetu aliye na mguu mmoja anastahili kuwapo tunapolijadili.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Wakati wa korona, ni nani kati yetu aliyekosa matibabu, na alikosa kwa sababu ya mlango kufungwa au kwa sababu ya kukosa njia?

2. Mama akishikwa na uchungu usiku wa leo katika eneo letu, tutamfikishaje hospitalini?

3. Ni nani atakayekwenda kuzungumza na kamati ya zahanati, chifu na polisi, na ataleta majibu lini?