JINO HALINA KOSA: TWATAKA PICHA KWANZA



Sisi tunaoandika maneno haya ni wafanya kazi wa reli, na kwetu ni Kenyenya, katika nchi ya Gusii. Reli haifiki kwetu, kwa hiyo kazi tumeifuata Kisumu, Nakuru na Nairobi, na nyumbani twarudi wakati wa likizo. Leo hatusemi habari ya mshahara. Twasema habari ya kijiwe kidogo kama punje ya mtama, na haki ya mfanya kazi kupigwa picha kabla ya kung'olewa kitu mwilini mwake.

Mwenzetu mmoja wa gengi la njia aliumwa. Kila alipotia ugali na chinsaga kinywani, uvimbe ulitokea chini ya taya upande mmoja, akaumwa mpaka akaacha chakula. Baada ya saa moja au mbili uvimbe ukashuka. Alipokwenda kuomba ruhusa aliulizwa, "Uvimbe uko wapi? Rudi kazini." Akaenda penye matibabu, akaambiwa ni jino. Likang'olewa. Uvimbe ukarudi. Likang'olewa la pili. Uvimbe ukarudi vile vile. Alimeza vidonge mara tatu. Baada ya miezi minane, mtu mmoja mwenye akili alimpitishia chombo cha altrasaundi chini ya taya, na kijiwe kikaonekana pale pale. Kazi ya dakika chache! Meno mawili mazima yamekwenda, wala hayarudi.

Hatutaji mahali wala jina la mtu. Hatukuja kumwaibisha mtu, tumekuja kuuliza: kwa nini picha ilikuja mwisho, na koleo lilikuja kwanza?

Tazama jambo lenyewe, ndugu, maana si gumu. Mate hutoka katika tezi, na kila tezi kubwa ina mfereji wake wa kuleta mate kinywani. Ndani ya mfereji chokaa huweza kuganda kidogo kidogo kikawa kijiwe. Katika vijiwe 10, kama 8 hutokea kwenye tezi ya chini ya taya, kwa sababu mate ya hapo ni mazito na mfereji wake hupanda juu. Mtu wa reli ajua kwamba mtaro unaopanda ndio uzibao upesi. Mtu alapo, mate huja mengi, njia imefungwa, tezi yavimba. Ndiyo maana maumivu huja na chakula na kuondoka baada ya chakula. Jino bovu halina desturi hiyo. Anayeuliza swali hilo moja tu, "Je, huvimba wakati wa kula?", amekwisha kupata nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni picha, na picha zina utaratibu wake.

Kwanza ni kidole. Daktari atie kidole chenye glavu chini ya ulimi, na mkono wa pili uwe nje chini ya taya. Mara nyingi kijiwe huguswa. Hapo hakuna gharama.

Pili ni altrasaundi. Hutumia sauti ambayo sikio halisikii, wala haina miali ya kudhuru mwili. Sisi wa reli tusiione kuwa kitu cha ajabu: kwa sauti ya namna hiyo hiyo mafundi wa reli duniani hutafuta ufa ndani ya chuma cha reli. Ikiwa chuma chapimwa ndani kabla hakijavunjika, je, shingo ya mtu anayekilaza chuma hicho haistahili kupimwa? Lakini kijiwe kidogo sana, cha chini ya milimeta 2, chaweza kuikwepa, na mkono wa mpimaji una kazi kubwa.

Tatu ni eksirei ya kawaida. Nzuri zaidi ni ile ambayo mgonjwa huuma filamu kwa meno na miali hupita kutoka chini ya kidevu. Vijiwe vingi vya chini ya taya huonekana hivyo. Vya tezi iliyo mbele ya sikio mara nyingi havionekani, kwa hiyo mtu asiambiwe "huna kitu" kwa sababu ya eksirei peke yake.

Mwisho ni siti skani, ambayo huona hata kijiwe kidogo. Iko pia njia ya kutia dawa katika mfereji na kupiga eksirei, lakini haifai wakati tezi ina usaha. Hizo ni za shida maalum, wala si za kila mtu.

Sasa wako watakaosema, "Mambo haya ni ya wakubwa wa Nairobi, mtu wa Kenyenya atosheke na vidonge." Hayo ni maneno ya dharau. Eksirei ilivumbuliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Eksirei ni kubwa kwa umri kuliko reli! Si kitu kigeni cha kutungojesha tena.

Wengine watasema, "Serikali imekwisha kuleta mitambo." Ni kweli, mwaka 2015 Serikali ilikodi mitambo ya hospitali 98 kwa mabilioni ya shilingi. Lakini mwaka 2020 kamati ya Baraza la Seneti ilipochunguza jambo hilo, ilikuta mitambo mingine imekaa bure kwa kukosa majengo na wataalamu. Garimoshi lisilo na dereva halichukui abiria. Tena mtambo wa altrasaundi wenye kichwa cha kupimia mimba tu hautoshi. Shingo yataka kichwa chake kinachofaa, na mtu aliyefundishwa kukitumia.

Wengine tena watasema, "Wenye ugonjwa huo ni wachache, chama kishughulike na makubwa." Tunajibu: tangu Oktoba 1924? La! Tangu Oktoba 2024, mwaka wa juzi tu katika maisha ya chama hiki, kila mmoja wetu akatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa bima ya afya ya jamii. Mwenye shilingi 40,000 hutoa 1,100 kila mwezi. Hatukatwi kwa uchache wa ugonjwa, sote twakatwa sawa. Basi na matibabu yawe sawa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya bora. Haikusema isipokuwa mtu wa gengi.

Kwa hiyo twadai mambo manne.

1. Hospitali zilizo karibu na makwetu na karibu na stesheni ziwe na altrasaundi inayopima shingo, na mtu wa kuitumia kila siku ya kazi.

2. Mwanachama asing'olewe jino kwa uvimbe unaokuja na chakula kabla ya kuguswa chini ya ulimi na kupigwa picha.

3. Wasimamizi waheshimu Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30: aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari.

4. Maji safi ya kunywa yafike kila gengi, maana mwili uliokauka hutoa mate machache na mazito.

Na wewe mwanachama, usilale. Ukiona uvimbe wenye homa au usaha, nenda siku hiyo hiyo. Ukiona uvimbe mgumu usiouma, usioshuka, unaokua, usiseme ni kijiwe tu. Huo waweza kuwa ugonjwa mbaya zaidi, na picha ndiyo itakayosema.

Mwenzetu alitolewa kijiwe chake kwa mkato mdogo chini ya ulimi, na jioni alikunywa uji bila maumivu. Yeye amepona. Meno yake mawili yadai jibu, na sisi twadai pamoja nayo.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa reli, watu wa Kenyenya.