Waragi Haikuzaliwa Uingereza

Wako walimu wenzetu, katika Uganda na hata nje yake, ambao bado huwafundisha wanafunzi kwamba neno "waragi" ni Kiingereza kilichopotoka: ati askari wa Kiingereza walikiita kileo hicho "war gin", yaani jini ya vita, na Waafrika wakashindwa kulitamka. Hadithi hii ni tamu, lakini haistahili kuingia darasani.

Tusikilize sauti kwanza. Mwingereza haitamki "r" ya "war" inapofuatwa na konsonanti, husema "woo". Basi "r" ya waragi imetoka wapi? Na "n" ya mwisho imekwenda wapi? Lugha zetu zikikopa neno la namna hiyo haziikati "n", bali huiongezea irabu: "pin" ikawa pini. Kwa kanuni hiyo tungepata "wojini" (na jini mwingine tunaye tayari).

Asili iliyo karibu zaidi ni Kiarabu, araq, yaani jasho. Aliyepata kuona pombe ikikenekwa hashangai. Huchemshwa, mvuke wake hupita katika mrija uliopozwa, na kileo kisicho na rangi hudondoka tone kwa tone mithili ya jasho usoni. Waturuki wana rakı yao. Waswahili tuna araki, kwa kuwa "q" ya Kiarabu kwetu huwa "k", kama katika kalamu na kahawa. Msudani huitamka "g", naye husema aragi. Wabebaji wa neno hawako mbali: ni askari Wasudani wa Emin Pasha, walioingizwa Uganda na Lugard mwaka 1891, ambao wajukuu wao ndio Wanubi. Huko Kenya Waingereza wenyewe walikiita kileo cha namna hiyo jini ya Wanubi! Tena katika Kiganda "g" ikitangulia "i" hulainika ikaribie "j". Hapo ndipo sikio la Mzungu lilipoisikia jini yake.

Yabaki "w" ya mwanzo. Herufi hiyo moja ndiyo mali yote ya wenye "war gin", nami nawaachia.

Lakini mtoto wa Kampala nisimwachie. Anayeambiwa kwamba waragi ni Kiingereza kilichoharibika hufundishwa, bila kutajiwa, kwamba kinywa cha babu yake hakikuwa na kazi ila kuharibu maneno ya wenyewe. Mwalimu na aandike ubaoni araki, aragi, waragi, kisha awaulize wanafunzi wanasikia nini.